Korido Isiyo na Geti

Umri wa Mama Katibu siujui. Siku moja nilithubutu kumwuliza, naye akaniuliza kama nimeshapata oda ya kumshonea sanda. Najua tu kwamba alitokea Bukavu, kwamba alifika Johannesburg kabla yetu sote, na kwamba katika jengo letu la Fordsburg hakuna aliyewahi kumwita kwa jina. Alikuwa katibu wa mafundi cherehani, basi. Hata mchungaji wake alimwita Mama Katibu mbele ya kanisa zima, naye akaitika.

Ukatibu wenyewe aliufanya kwa namna yake. Daftari hakuwa nalo. Maamuzi ya mikutano aliyaandika kwa chaki ya fundi kwenye zile karatasi za kaki tunazochorea vipimo kabla ya kukata kitambaa. Ukitaka kujua mkutano wa mwezi uliopita uliamua nini, ilibidi utafute karatasi yenye umbo la kola au mkono wa koti, uigeuze, usome nyuma. Mimi mwenyewe niliwahi kuikata katiba ya chama katikati nikitafuta kiuno cha sketi ya mteja. Nilidhani atanila mzima. Aliokota vipande viwili, akaviunganisha kwa pini, akasema katiba ikikatika inashonwa, tena mstari wa pili huwa imara kuliko wa kwanza. Kisha akanituma nikamnunulie chapati.

Alihubiri subira mchana kutwa, lakini hakuna robot, yaani taa ya barabarani, ya Johannesburg iliyowahi kumsimamisha. Taa nyekundu yeye anavuka, huku akiyagombeza magari kwa Kifaransa. Nilikuwa nikitembea naye nimemshika mkono kwa hofu, naye akidhani nimemshika kwa heshima.

Ili umwelewe, lazima nikueleze jengo. Upande wa mbele, unaotazama barabara kubwa, kuna maduka ya vitambaa, na wenye maduka wengi ni Watanzania. Upande wa nyuma, unaotazama ua wa kushushia mizigo, tuko sisi mafundi, wengi Wakongo na Warundi wachache. Katikati kuna korido moja, ndefu na nyembamba. Mteja anaegesha mbele, ananunua kitenge, anapita koridoni, anatokea kwetu, anapimwa. Bila korido hiyo itabidi azunguke mtaa mzima, apite kwenye uchochoro ambako watu hunyang'anywa simu kweupe. Mteja wa namna hiyo harudi mara ya pili. Kabla ya kupata kiti cha cherehani mdomoni mwa korido ile, nilikuwa nasugua mabafu ya watu kwenye fleti za Randburg, na nina watoto wawili shuleni. Korido ikifungwa, mimi ni wa kurudi kwenye mabafu. Kwangu jambo lilikuwa hilo tu, na hadi leo ninapoandika haya, korido haina geti.

Zamani mbele na nyuma tulikuwa kitu kimoja. Tulikuwa na Umoja. Bidhaa zote, vitenge, bitana, uzi, zipu, ziliagizwa kwa pamoja, zikauzwa kwa bei moja, na hakuna mwanachama aliyeruhusiwa kuleta mali kutoka kwingine. Mpango ulikuwa mzuri mpaka uzi ulipoanza kukatika na bitana kujikunja kwenye maji ya kwanza. Mteja haji kumlaumu muuzaji wa uzi. Anakuja kwa fundi na gauni lake mkononi. Tulilalamika. Katika mkutano mmoja wa pamoja, kijana fulani wa dukani akacheka, akasema hawa watu wa uani nao wana maneno.

Mama Katibu alisimama taratibu. Alikaza kitenge kiunoni, akasema jambo kwa Kifaransa ambalo siwezi kuliandika, kisha kwa Kiswahili akasema, "Bon. Tunatoka."

Tulishangilia. Mimi nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha. Mwisho wa wiki tulikuwa tumeshajitoa katika Umoja, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiria korido.

Barua ya Mwenyekiti wa Umoja ilikuja baada ya siku chache, imeandikwa kwa adabu zote. Kwa kuwa sasa tunanunua tunakotaka, ilisema, hakuna wa kumzuia mtu kuleta vitenge vya bei rahisi kwa mlango wa nyuma, akavipitisha koridoni na kuviuza mbele, chini ya pua za waliobaki kwenye bei ya pamoja. Kwa hiyo wataweka geti la chuma katikati ya korido, na mlinzi wa kupekua mikoba. Kilichotuudhi zaidi ni kwamba hofu yao ilikuwa ya kweli. Hata kwetu walikuwapo wawili watatu ambao tayari mate yalikuwa yakiwatoka.

Wengine wetu walitaka vita, wengine walitaka kurudi kwenye Umoja tukiwa tumepiga magoti. Mama Katibu aliyakataa yote mawili. "Maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge," alisema. "Kurudi haturudi. Lakini tumetoka kwenye Umoja, hatukutoka kwenye jengo. Geti haliingii hapa, mie niko."

Tangu hapo alikwenda kwa Mwenyekiti kila Jumanne asubuhi, miezi na miezi, baridi ya Juni ikiwa imekaza na mimi nikimbebea hita ndogo. Alinichukua kwa sababu, alisema, nina uso wa mtu mwenye njaa na hilo linasaidia.

Mwenyekiti alikuwa mzee mnene wa Tanga, mtu wa maneno machache, asiyepandisha sauti hata siku moja. Mtu kama huyo ni mgumu kuliko mpiga kelele. Jumanne ya kwanza alitupa chai, akatusikiliza, akasema hapana. Ya pili akatupa chai na kashata, akasema hapana. Tukiwa tunarudi Mama Katibu aliniuliza kama nimeona mabega yake. Sikuwa nimeyaona. "Koti linambana," akasema. "Na binti yake anaolewa mwisho wa mwaka."

Jumanne ya tatu alikwenda na futi ya kupimia shingoni. Hakuomba ruhusa. Kuanzia hapo mazungumzo yote yalifanyika Mwenyekiti akiwa amesimama katikati ya duka lake, mikono imepanuliwa, koti jipya ambalo bado halina mikono likiwa limejaa pini.

"Dada Katibu," alisema siku moja, "ukipenda boga, penda na ua lake. Mnawataka wateja wetu, sheria zetu hamzitaki."

"Usipumue, Baba. Pini itakuchoma."

"Nasema, geti ni haki yetu."

"Ni haki. Nyanyua mkono. Na siku mteja wako akiona mlinzi anapekua mkoba wa mkeo, utamwambia nini?"

Mzee alinyanyua mkono. Baadaye Mama Katibu aliniambia kwamba mtu mwenye pini mabegani hawezi kupiga meza. Lile koti lilimchukua muda mrefu ajabu. Kila alipokuwa karibu kulimaliza aligundua kasoro mgongoni, akalifumua.

Fundi wa kuchomelea alipoletwa kupima ukubwa wa geti, alimkuta Mama Katibu ameshahamishia cherehani yake katikati ya korido, anashona. Alikuwa kijana wa Soweto, mwenye heshima. Akasema, "Eish, Mama, naomba upishe kidogo, niko kazini." Mama akamjibu kwamba naye yuko kazini, tena ovaroli lake limechanika gotini, alivue. Kijana alikaa na kaptula yake juu ya boksi la vitambaa akingoja. Ovaroli lilirudi na kiraka kizuri, saa za kazi zikawa zimekwisha, na vipimo havikuchukuliwa.

Nisije nikamfanya malaika. Sisi tuliotoka kwenye Umoja kwa sababu ya uzi mbaya, tulikuja kugundua kwamba yeye mwenyewe bado ananunua uzi mwekundu wa Umoja, kwa siri, kupitia mimi. Nilipomkabili hakuona hata aibu. "Weye mwana, siasa ni siasa, nyekundu ni nyekundu. Hii rangi sijaiona kwingine." Na wale wawili watatu waliokuwa na tamaa ya kupitisha vitenge, aliwaita mmoja mmoja nyuma ya pazia la kupimia. Sijui aliwaambia nini. Mmoja hadi leo hashoni nguo ya mtu bila kuuliza kwanza kitambaa kimetoka wapi.

Njia ya kutoka tuliipata kwenye jambo tunalolifanya kila siku bila kulifikiria. Fundi akipokea kitambaa cha mteja, hukata mkato mdogo pembeni kwa mkasi, mdogo kama ukucha, ili kisichanganyike na kingine. Kitenge chenye mkato pembeni hakiuziki tena dukani kama kizima. Hakuna mama atakayekinunua. Kazi yake imebaki moja tu, kushonwa. Mama Katibu alikuwa ametia mikato hiyo maisha yake yote. Jumanne moja, akiwa anampima Mwenyekiti urefu wa mkono, alisimama ghafla na mkasi hewani.

"Baba," alisema, "kila kitambaa kinachoingia kwa mlango wa nyuma, tukitie mkato kule kule uani, kinaposhuka garini. Mmoja wako, mmoja wangu, wakiwa pamoja. Baada ya hapo kitauzwaje mbele? Na kinachopita koridoni kwenda mbele kiwe kimeshonwa. Sasa mlinzi atapekua nini?"

Mwenyekiti alimtazama kwenye kioo. Alisema atafikiri. Alifikiri wiki tatu, na wiki hizo tatu mimi sikula vizuri. Jumanne iliyofuata alikubali, na mapatano yakaandikwa nyuma ya karatasi ya mkono wa koti lake mwenyewe, sahihi yake ikiwa karibu na kwapa. Mama aliimba njia nzima ya korido. Mafundi walizima cherehani wakacheza.

Furaha yetu ilidumu mpaka Jumamosi.

Mteja wa kwanza chini ya mapatano alikuwa mama wa Kikongo, mama mkwe mtarajiwa, mwenye sare ya harusi ambayo vitambaa vyake vilikuwa vimeshukia uani. Kwetu vazi la mama ni vitu vitatu. Kuna blauzi, kuna sketi, na kuna kitenge cha tatu ambacho hakishonwi kabisa. Kinafungwa tu kiunoni juu ya sketi, na pindo lake ndilo linaloonekana ukitembea. Mama yule alikifunua kitenge chake cha tatu mbele ya watu, akauona mkato katikati ya pindo.

"Hiki kimeliwa na panya?" aliuliza.

Tulipojaribu kueleza, mtu wa dukani akatokea koridoni akasema hicho kitambaa hakipiti hata hivyo, maana hakijashonwa, na mapatano yanasema kilichoshonwa tu. Mteja akaanza kulia, harusi ilikuwa wiki ile. Ndipo sote, bila kuambizana, tukageuka kumtazama Mama Katibu. Miezi yote ile, Jumanne baada ya Jumanne, alikuwa amekwenda kujadiliana akiwa na kitenge cha tatu kiunoni. Alikuwa amekifunga siku ya kutia sahihi. Alikuwa amekifunga wakati ule ule. Alijitazama kiunoni, akakishika. Mbele walicheka mpaka tukawasikia.

Nilidhani mambo yameishia hapo, nikaanza kuwaza ni nani wa Randburg anayeweza kunirudisha kazini. Mama Katibu alikwenda nyumbani, akarudi Jumatatu bila kungoja Jumanne, akapita koridoni na kile kitenge kilichoharibika mkononi, akakitandaza mbele ya Mwenyekiti na mkewe.

"Tumewasahau mama zetu," alisema. "Mie wa kwanza."

Mwenyekiti hakujua afanye nini. Aliyejua ni mkewe, mwanamke ambaye muda wote huo alikuwa ameketi nyuma ya kaunta bila kuulizwa neno. Alikigeuza kitenge huku na huku, akasema, "Ninyi nanyi. Sisi kanga inakuja pea, zimeungana. Ukiinunua, unaikata katikati, unaipinda ncha. Kabla ya kupindwa ni bidhaa. Ikishapindwa ni nguo, huwezi kumwuzia mtu. Sasa na hiki si mkipinde?" Kisha akaonyesha kwa kidole. Mkato usitiwe kwenye pindo lenye mapambo, utiwe kwenye ncha, pale kitambaa kinapokatwa. Fundi akikunja ncha na kuipitishia uzi, mkato unamezwa ndani, hauonekani tena, na kitenge kimeshonwa kwa haki yake.

Mama Katibu alimtazama yule mwanamke kwa wivu wa kitaalamu. "Weye ulikuwa wapi miezi yote hii?" akauliza.

"Hapa hapa. Mlikuwa mnaniomba sukari."

Mapatano yaliongezewa mstari mmoja. Mama wa harusi alipata kitenge kipya, kimepindwa ncha kwa uzi mwekundu ambao nilijua umetoka wapi. Tangu siku hiyo wale wanawake wawili walikunywa chai pamoja kila wiki, na waume wa mbele na mafundi wa nyuma tukajifunza kutembea kwa adabu.

Miaka ilikwenda. Macho ya Mama Katibu yalichoka na kutunga uzi, akahamia kwa binti yake, Randburg, ghorofa ya tatu. Mwenyekiti na mkewe walirudi Tanga. Mafundi walinichagua mimi kuwa katibu, na nikaanza kuandika kwenye daftari kama watu wengine. Umoja nao ukapata Mwenyekiti mpya, mtu wa makamo, msomi. Alisema mapatano ya wazee yalikuwa ya wazee, mikato ya mkasi si utaratibu wa kisasa, na geti litawekwa. Alitupangia siku ya kwenda kuarifiwa. Hakusema kujadiliana, alisema kuarifiwa.

Siku moja kabla ya mkutano nilikwenda Randburg. Nilimkuta amekaa dirishani, amekonda, amejifunika shuka. Nilimsalimu, nikamweleza, nikamwomba twende naye.

"Siendi," alisema.

"Mama, wewe wakikuona tu..."

"Siendi. Keti pale. Mie ndiye Mwenyekiti, weye ni Katibu. Anza."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshanyoosha mgongo, na uso wake ulikuwa umefunga kabisa. Nikaanza. Nilisema korido ni ya jengo zima. Alisema jengo ni la mwenye nyumba, na ameshaongea naye, endelea. Nikasema tuna mapatano. Akasema na mzee aliyerudi kwao, endelea. Nikasema wateja watapata taabu. Wateja wako, akasema, wangu wanaegesha mbele, endelea. Kila mlango niliousukuma aliufunga, tena kwa sababu nzuri kuliko zangu. Nilitambua kwamba hoja za upande wa pili alikuwa akizijua zote tangu siku ya kwanza, na kwamba alizijua vizuri kuliko wao.

"Nani aliwafukuza kwenye Umoja?" aliuliza.

"Hakuna aliyetufukuza."

"Nani alitoka?"

"Sisi."

"Kwa nini?"

"Uzi ulikuwa mbaya."

"Uongo. Uzi mbaya unarudishwa dukani. Kwa nini mlitoka?"

Akapiga mkono wa kiti. "Nakuuliza, Katibu! Kwa nini mlitoka?" Mjukuu wake, anayekielewa Kiswahili chetu lakini hujibu kwa Kiingereza, alichungulia kutoka chumbani akauliza kama tunagombana na kama amwite mama yake.

"Kwa hasira," nilisema hatimaye. Nilikuwa nimemkasirikia kweli. "Mtu mmoja alitutukana, tukatoka wote kwa hasira. Mimi nilishangilia. Korido hatukuifikiria. Na ninyi mliobaki, ambao hamkututukana, nanyi hatukuwafikiria. Tuliwaacha na mzigo wa Umoja peke yenu, na kwa hilo tuwieni radhi."

Uso wa Mwenyekiti ulimtoka. Alirudi kuwa mwanamke mzee mwenye shuka. Aliyatazama magari chini.

"Voilà," alisema. "Neno hilo la radhi nilikwenda nalo kwa yule mzee kila Jumanne, na kila Jumanne nikarudi nalo. Nilimpa koti, nikampa akili yangu yote. Neno lenyewe lilinishinda. Basi lipeleke weye."

Asubuhi yake Mwenyekiti mpya alinipokea na barua ya geti mbele yake, imeshapigwa muhuri. Sikungoja afungue mkutano. Nililisema nikiwa bado nimesimama, mkoba begani, kama nilivyolisema Randburg, pamoja na ile radhi.

Alinitazama. Kisha akaigeuza barua kifudifudi, akanivutia kiti.

"Keti, dada," alisema. "Mzee wetu aliondoka hapa akiwa bado analingoja neno hilo."